Vitabu vya picha kuhusu historia ya haki za kiraia

Vitabu vya picha kuhusu historia ya haki za kiraia ni vitabu vya watoto wadogo vinavyosimulia, kwa maneno machache na michoro mingi, jinsi watu walivyodai kutendewa sawa mbele ya sheria. Haki zinazozungumziwa humo ni kama vile kupiga kura, kusoma katika shule ya umma bila kubaguliwa, kusafiri bila kutengwa, kumiliki ardhi na kutoa maoni bila kufungwa. Kwa kawaida wasomaji wake ni watoto wa miaka 4 hadi 9, na wengi wao husomewa na mzazi, mwalimu au ndugu mkubwa kabla hawajaweza kusoma wenyewe.

Aina hii ya vitabu ilikua hasa nchini Marekani baada ya harakati za Wamarekani weusi za miaka ya 1950 na 1960. Baadaye ilienea Afrika Kusini na kwingineko. Katika Afrika Mashariki mtu aliyeandikiwa vitabu vingi vya namna hii ni Wangari Maathai wa Kenya. Historia ya Tanzania ina matukio mengi yanayofaa kusimuliwa hivyo, yakiwemo ya mkoa wa Kagera, lakini kwa sehemu kubwa yamebaki katika maandiko ya watu wazima.

## Sifa

Kitabu cha picha ni tofauti na kitabu chenye picha. Katika kitabu chenye picha, mchoro hupamba habari ambayo ingeeleweka hata bila huo mchoro. Katika kitabu cha picha, mchoro unabeba sehemu ya habari yenyewe. Maneno yanaweza kusema tu kwamba msichana alikwenda shule, huku mchoro ukionyesha umati wenye hasira uliosimama njiani. Mtoto asiyejua kusoma huupata ukweli huo kwa macho yake.

Vingi vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani ikikunjwa hutoa kurasa za mafungu ya 8 au 16. Ufinyu huo unamlazimisha mwandishi kuchagua: maisha ya miaka sabini au mgomo wa mwaka mzima lazima vienee katika kurasa chache. Ndiyo maana vitabu vingi vina maelezo ya ziada mwishoni, yameandikwa kwa herufi ndogo kwa ajili ya mtu mzima, pamoja na tarehe muhimu na pengine picha za kamera.

Kwa jumla vinagawanyika katika makundi matatu:

* Wasifu, vinavyofuata maisha ya mtu mmoja tangu utotoni.
* Vitabu vya tukio, vinavyoeleza mgomo, maandamano, kesi au uchaguzi fulani.
* Hadithi za kubuni juu ya tukio la kweli, ambamo mtoto wa kubuniwa anashuhudia jambo lililotokea kweli.

## Historia

### Marekani

Hadi miaka ya 1960 watoto weusi walionekana kwa nadra sana katika vitabu vya watoto vya Marekani. Mwaka 1965 mwalimu na mwandishi Nancy Larrick alichapisha makala iliyochunguza zaidi ya vitabu 5,000 vya watoto vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964. Alikuta kwamba asilimia 6.7 tu vilikuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maandishi au katika michoro. Mwaka huohuo ndio uliopitishwa sheria ya nchi hiyo ya kulinda haki ya kupiga kura.

Tuzo ya Coretta Scott King, iliyopewa jina la mjane wa Martin Luther King, ilianza kutolewa mwaka 1970 kwa waandishi weusi, na baadaye kwa wachoraji pia. Kuanzia mwaka 1986 siku ya kuzaliwa ya King iliadhimishwa kama sikukuu ya taifa, na shule zikapata sababu ya kila mwaka ya kuwasomea watoto habari za harakati hizo. Tangu miaka ya 1990 vitabu vya picha vya mada hii vimekuwa vingi, na wachoraji kama Bryan Collier, Kadir Nelson na Ekua Holmes wamepata sifa kubwa kwa kazi hiyo.

### Kiswahili katika vitabu vya wakati wa harakati

Lugha ya Kiswahili ina nafasi yake katika historia hii. Wamarekani weusi wengi wa miaka ya 1960 walitazama Afrika iliyokuwa ikipata uhuru kama chanzo cha fahari yao, na Kiswahili kikawa alama mojawapo ya fahari hiyo. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina misingi saba yenye majina ya Kiswahili, miongoni mwayo umoja, ujamaa na imani.

Muriel Feelings, mwalimu kutoka Philadelphia, alifundisha sanaa nchini Uganda katika miaka hiyo. Mumewe, mchoraji Tom Feelings, alifanya kazi nchini Ghana kuanzia 1964 hadi 1966. Kwa pamoja walitoa *Moja Means One* mwaka 1971, kitabu cha kuhesabu kutoka moja hadi kumi kwa Kiswahili, na *Jambo Means Hello* mwaka 1974, kitabu cha alfabeti. Cha pili kina maneno 24, kwa kuwa Kiswahili hakitumii herufi Q na X. Vyote viwili vilipata Heshima ya Caldecott, inayotolewa kwa michoro bora ya vitabu vya watoto nchini Marekani, na Tom Feelings akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata.

Vitabu hivyo havisimulii migomo wala maandamano. Hata hivyo vilitokana na harakati hizohizo: vilimpa mtoto mweusi wa Marekani picha ya Afrika yenye watu wanaosalimiana, wanaocheza bao na wanaokwenda sokoni, wakati vitabu vingine vilimwonyesha nyika na wanyama pekee. Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua kwamba "jambo" peke yake ni salamu ya wageni, na kwamba wenyeji husema "hujambo" na kuitikia "sijambo".

## Baadhi ya vitabu vinavyojulikana

### Ruby Bridges

Tarehe 14 Novemba 1960 Ruby Bridges, mtoto wa miaka sita, aliingia shule ya msingi ya William Frantz mjini New Orleans akisindikizwa na maafisa wa serikali kuu. Alikuwa mtoto mweusi wa kwanza katika shule hiyo. Wazazi weupe waliwaondoa watoto wao, na kwa muda mrefu wa mwaka huo Ruby alisoma peke yake na mwalimu mmoja, Barbara Henry.

*The Story of Ruby Bridges*, cha Robert Coles na mchoraji George Ford, kilitoka mwaka 1995. Coles ni daktari wa magonjwa ya akili aliyemfahamu Ruby wakati ule. Kitabu chake kinasisitiza imani ya mtoto huyo, ambaye aliwaombea waliokuwa wakimtukana. Mwaka 2009 Ruby Bridges mwenyewe alitoa kitabu kifupi cha wanafunzi wanaoanza kusoma, chenye picha za kamera za wakati huo.

Jambo linaloachwa mara nyingi ni kwamba siku hiyohiyo wasichana wengine watatu wa umri wake waliingia shule nyingine ya weupe mjini humo, McDonogh 19. Aliyezoea hadithi ya mtoto mmoja hushangaa kusikia kwamba walikuwa wanne.

### Rosa Parks na mgomo wa mabasi

*Rosa*, cha mshairi Nikki Giovanni na mchoraji Bryan Collier, kilichapishwa mwaka 2005. Kinaeleza jinsi Rosa Parks alivyokamatwa tarehe 1 Desemba 1955 mjini Montgomery, Alabama, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti katika basi. Baada ya hapo kitabu kinawaonyesha wanawake wa mji huo, wakiongozwa na mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson, wakiandaa usiku matangazo ya kuwaita watu wasipande mabasi. Mgomo huo ulidumu siku 381.

### Watoto katika maandamano

*Freedom on the Menu*, cha Carole Boston Weatherford (2005), kinatumia msichana wa kubuniwa kueleza mgomo wa kukaa wa Greensboro. Mgomo huo ulianza tarehe 1 Februari 1960, pale wanafunzi wanne weusi wa chuo walipokaa katika mkahawa wa duka la Woolworth uliokuwa ukiwahudumia weupe tu. *The Youngest Marcher*, cha Cynthia Levinson (2017), kinamhusu Audrey Faye Hendricks, aliyewekwa kizuizini mjini Birmingham mwaka 1963 akiwa na miaka tisa baada ya kuandamana na watoto wenzake. *Separate Is Never Equal*, cha Duncan Tonatiuh (2014), kinaeleza kesi ya familia ya Mendez ya California, yenye asili ya Mexico, iliyoshinda mahakamani mwaka 1947 dhidi ya shule zilizowatenga watoto wao.

## Afrika

### Afrika Kusini

*The Day Gogo Went to Vote*, cha Elinor Sisulu na mchoraji Sharon Wilson (1996), kinahusu uchaguzi wa Aprili 1994, wa kwanza ambao watu wa rangi zote waliruhusiwa kupiga kura. Thembi, msichana mdogo, anamsindikiza mama wa bibi yake mwenye miaka mia moja kwenda kituoni. Bibi huyo haondoki nyumbani kwa kawaida, na familia inalazimika kutafuta gari la kumpeleka. Kwa njia hiyo mtoto anaelewa uzito wa kura bila kupewa mhadhara: mtu hutoka nyumbani kwa shida hivyo kwa jambo kubwa tu.

Wasifu wa Nelson Mandela, *Long Walk to Freedom*, ulifupishwa kwa watoto na Chris van Wyk na kuchorwa na Paddy Bouma mwaka 2009.

### Wangari Maathai

Wangari Maathai (1940–2011) alizaliwa Ihithe, wilaya ya Nyeri. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya Green Belt, iliyowashirikisha wanawake wa vijijini kupanda miti. Mwaka 1989 alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Mwaka 1992 aliungana na akina mama waliogoma kula katika bustani hiyohiyo wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiwe. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Maisha yake yameandikiwa vitabu kadhaa vya picha, na kila kimoja kimeamua kwa namna yake ni kiasi gani cha mapambano hayo mtoto aonyeshwe.

* *Wangari's Trees of Peace*, cha Jeanette Winter (2008), kinatumia sentensi fupi sana na michoro ya rangi angavu. Hata hivyo kinaonyesha Wangari akipigwa na kufungwa kwa kutetea miti.
* *Planting the Trees of Kenya*, cha Claire A. Nivola (2008), kinaeleza jinsi alivyorudi kutoka masomoni Marekani na kuikuta mito imekauka na misitu imekatwa. Habari za mvutano wake na serikali zimewekwa katika maelezo ya mwisho.
* *Mama Miti*, cha Donna Jo Napoli na mchoraji Kadir Nelson (2010), kinawaonyesha wanawake wakimjia na shida mbalimbali, naye akimshauri kila mmoja mti wa kupanda. Nelson alichanganya rangi za mafuta na vipande vya vitambaa. Siasa karibu haipo.
* *Seeds of Change*, cha Jen Cullerton Johnson na mchoraji Sonia Lynn Sadler (2010), kinaanza na mti wa mugumo aliofundishwa kuuheshimu utotoni, kinaeleza safari yake ya elimu, kisha kifungo chake.
* Kitabu cha Mfaransa Franck Prévot, kilichochorwa na Aurélia Fronty, kinaingia zaidi katika siasa za Kenya za wakati huo na kina picha za kamera mwishoni.

Vitabu hivyo viliandikwa nje ya Afrika, kwa Kiingereza au Kifaransa, na bei yake ni kubwa kwa shule nyingi za Afrika Mashariki. Kitabu kilichofika karibu zaidi ni *A Tiny Seed*, kilichoandikwa na Nicola Rijsdijk na kuchorwa na Maya Marshak kupitia shirika la Book Dash la Afrika Kusini. Kwa kuwa leseni yake ni huria, kimetafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na hupatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya African Storybook iliyoanzishwa mwaka 2014. Shule yenye simu moja na mashine ya kuchapa inaweza kukitumia kihalali.

UNESCO nayo imetoa mtandaoni mfululizo wa michoro kuhusu wanawake katika historia ya Afrika. Humo yumo Wangari Maathai pamoja na wengine kama Njinga wa Angola, Taytu Betul wa Ethiopia na Miriam Makeba wa Afrika Kusini.

## Tanzania

### Uchapishaji

Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991, wakati vitabu vya Kiswahili vya watoto nje ya vile vya kiada vilikuwa haba. Uliwasaidia waandishi, wachoraji na wachapishaji wa ndani, na vitabu vikapelekwa shuleni. Upande wa michoro, John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ametoa vitabu vya picha vya ngano za wanyama kwa mtindo wa Tingatinga, vilivyochapishwa hadi Ulaya. Kwa hiyo ufundi wa kitabu cha picha upo nchini. Mada zake zimekuwa hasa ngano, afya, mazingira na maisha ya kila siku.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi. Somo hilo huwafikia watoto waliokwisha jua kusoma. Wale wa elimu ya awali na madarasa ya kwanza ndio hasa wanaohitaji kitabu cha picha.

### Harakati za uhuru

Bibi Titi Mohamed (1926–2000) ni mfano wa mtu ambaye maisha yake yanaweza kuchorwa. Alikuwa mwimbaji wa ngoma jijini Dar es Salaam. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuongoza wanawake wa TANU, aliwaendea kupitia vikundi vya lelemama na ngoma nyingine, ambavyo vilikuwa na viongozi na mitandao yake. Maelfu ya wanawake walijiunga na chama katika muda mfupi. Picha ya wanawake hao wenye kanga wakikusanyika inaonyesha mara moja kwamba uhuru uliletwa na wengi.

Maisha yake yana pia sehemu ngumu. Mwaka 1969 alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972. Mwandishi wa kitabu cha mtoto lazima aamue kama ataishia mwaka 1961, bendera ilipopandishwa, au ataendelea hadi shujaa huyo alipofungwa na serikali aliyosaidia kuiweka. Ni swali lilelile lililowakabili waandishi wa Wangari.

### Kagera

Mkoa wa Kagera una historia ndefu ya madai ya haki, hasa kuhusu ardhi na kahawa. Umoja wa Wahaya wa Bukoba ulianzishwa mwaka 1924. Mwaka 1937 wakulima wa kahawa walipinga kanuni za serikali ya kikoloni juu ya utunzaji wa mashamba yao. Mfumo wa nyarubanja, ambao ulimfanya mkulima kulipa kodi au kutumika kwa bwana aliyepewa ardhi na mtawala, ulipingwa kwa miaka mingi na kufutwa kwa sheria katika miaka ya 1960. Ali Migeyo, mmoja wa wanasiasa wa kwanza wa kitaifa katika eneo hilo, alifungwa na wakoloni. Maisha yake yaliandikwa na G. R. Mutahaba katika kijitabu cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1969.

Baada ya uhuru, kesi iliyojulikana zaidi ilitoka wilaya ya Muleba. Kanuni za urithi za mwaka 1963 zilisema kwamba mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo aliyorithi, lakini hawezi kuiuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, naye mwana wa ndugu yake akafungua kesi ili mauzo yafutwe. Mahakama ya mwanzo ya Kashasha ilikubaliana na mlalamikaji, mahakama ya wilaya ikatengua uamuzi huo, na rufaa ikafika Mahakama Kuu mjini Mwanza. Katika hukumu ya kesi hiyo, *Ephrahim dhidi ya Pastory*, iliyotolewa tarehe 22 Februari 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ilimbagua mwanamke kinyume cha tamko la haki lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Alitaja pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilikuwa imeridhia.

Kesi hiyo hufundishwa katika vitivo vya sheria ndani na nje ya Tanzania. Kwa mtoto wa Muleba au Bukoba vitu vyake vyote ni vya nyumbani: kibanja chenye migomba na mibuni, baba aliyeandika wosia, binti aliyeambiwa kwamba shamba ni lake na si lake, na safari ya mahakama tatu. Mtoto wa miaka saba anayejua mipaka ya shamba la nyumbani kwao huelewa bila shida kilichokuwa kikigombewa.

## Usimulizi na ukweli

Ukosoaji mkubwa wa vitabu hivi unahusu mambo yanayopotea hadithi inapofupishwa. Mwalimu wa Marekani Herbert Kohl, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu fasihi ya watoto, alichambua jinsi habari za Rosa Parks zilivyokuwa zikisimuliwa shuleni. Watoto waliambiwa kuhusu mshonaji mchovu ambaye siku moja miguu ilimuuma akakataa kusimama, na kutokana na hilo mambo yakabadilika. Ukweli ni kwamba Parks alikuwa na miaka 42, alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi, na miezi michache kabla alikuwa amehudhuria mafunzo ya harakati. Miezi tisa kabla yake msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa katika mji huohuo kwa kosa hilohilo, na baadaye akawa mmoja wa walalamikaji katika kesi iliyofuta ubaguzi ndani ya mabasi.

Tofauti hiyo ina matokeo kwa mtoto. Hadithi ya mshonaji mchovu humfundisha kusubiri shujaa atokee, na pia kwamba haki huja kwa bahati. Hadithi ya chama, mafunzo, matangazo ya usiku na siku 381 za kutembea kwa miguu humwonyesha kazi ambayo watu wa kawaida hupanga na kugawana.

Mambo mengine yanayojadiliwa ni haya:

* Ukatili. Watoto wadogo hawapaswi kutishwa, lakini kuficha kabisa jela na vipigo hufanya ujasiri wa wahusika usieleweke. Wachoraji wengi huonyesha uso wa mhusika, kivuli au umati kwa mbali badala ya jeraha lenyewe.
* Mwisho mwema. Kitabu kinachoishia kwa ushindi kinaweza kumfanya mtoto aamini kwamba tatizo liliisha. Maelezo ya mwisho mara nyingi hutumika kurekebisha hilo.
* Nani anasimulia. Vitabu vingi kuhusu Afrika vimeandikwa na wageni. Baadhi vimefanyiwa utafiti mzuri, lakini uchaguzi wa mada na lugha umebaki kwa soko la nje.

## Pingamizi

Baadhi ya vitabu hivi vimepingwa. Mwaka 2021 kundi la wazazi katika jimbo la Tennessee lililalamikia kitabu cha Ruby Bridges cha mwaka 2009 na kingine kuhusu maandamano ya Washington ya mwaka 1963, likidai kwamba vinawaumiza watoto weupe kihisia. Wanaovitetea hujibu kwamba Ruby alikuwa na miaka sita alipoyapitia mambo hayo, hivyo mtoto wa umri huo anaweza kusomewa habari zake.

Hofu ya namna hiyo iliwahi kuonekana Afrika Kusini pia. *Journey to Jo'burg*, hadithi ya Beverley Naidoo ya mwaka 1985 kwa watoto wakubwa kidogo, ilipigwa marufuku huko hadi mwaka 1991.

## Matumizi shuleni na nyumbani

Vitabu vya picha hufaa kusomwa kwa sauti. Katika darasa lenye wanafunzi wengi na nakala moja, mwalimu huweza kuwaketisha watoto kwa nusu duara, akasoma ukurasa, kisha akapita na kitabu polepole kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Maswali yanayosaidia huanzia kwenye mchoro: nani yuko hapa, nani hayupo, anahisi nini, nani alimsaidia. Swali la "nani alimsaidia" ni la maana hasa, kwa sababu humtoa mtoto kwa shujaa mmoja na kumpeleka kwa watu waliokuwa nyuma yake.

Haifai kuwapa watoto nafasi ya kuigiza watesi na wateswaji, kwa kuwa baadhi yao hubaki na majina hayo baada ya somo. Hufaa zaidi kuwaomba wachore ukurasa ambao kitabu hakina, au wawaulize wazee wa nyumbani namna jambo fulani lilivyokuwa zamani, kama vile nani aliruhusiwa kurithi shamba, kisha walete jibu darasani.

Kiswahili kina urahisi wake hapa. Neno "haki" hubeba maana ya stahili ya mtu na pia ya uadilifu, na mtoto hulijua tangu mchezoni anapolalamika kwamba mwenzake "hatendi haki". Maneno kama "ubaguzi" na "raia" huhitaji mfano: kisima ambacho wengine wanakatazwa kuchota, au foleni ambayo mtu anasukumwa nyuma kwa sababu ya kabila lake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unazitaka nchi katika ibara ya 17 kuhimiza utungaji na usambazaji wa vitabu vya watoto, na kujali mahitaji ya lugha ya watoto wa makundi madogo na wenyeji wa asili. Kwa msingi huo, kuwa na kitabu katika lugha anayoielewa ni sehemu ya haki za mtoto mwenyewe.

## Tazama pia

* Bibi Titi Mohamed
* Fasihi ya watoto
* Haki za binadamu
* Mkoa wa Kagera
* Rosa Parks
* Tingatinga
* Wangari Maathai